Salamu Alizozitunga Renatus

Stendi ya Buzuruga ilikuwa imefurika watu asubuhi ile, na Renatus Rutashobya, kijana mrefu mwenye miwani na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, akachagua hapo hapo pa kuangushia rola yake ya waya. Rola ikabingirika hadi kwa wauza dagaa, waya ukapita miguuni mwa abiria, na kabla hajaifikia nusu ya stendi ilikuwa imenaswa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge cha njano. Lakini ndiye huyo huyo aliyeshika ncha ya pili, akaanza kuukunja.

"Kaka, unatega samaki au unatega watu?"

"Nilikuwa natega samaki," Renatus alijibu. "Sasa sijui."

Aliitwa Rebeka Machibya, wa Kisesa, na kumbe walikuwa wanakwenda mlango mmoja: kiwanda cha minofu ya sangara kule Nyakato. Rebeka alikuwa mkaguzi wa ubora. Renatus ameajiriwa juzi tu, kwa kuwa wanunuzi wa Ulaya, walioanza kumiminika Mwanza tangu biashara ilipofunguliwa, walitaka joto la kila chumba cha baridi lipimwe na kompyuta.

Alifunga vipimajoto vyote kwenye waya ule ule, kila kimoja kikituma habari zake kidogo kidogo kwa zamu. Kisha akakaa ofisini kuandika draiva, ile programu inayoishi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, na kujua lugha ya kifaa. Rebeka alikuwa akipita na koti lake jeupe na mabuti, anaegemea meza na kumwuliza maswali ambayo wakubwa wa kiwanda hawakuwahi kuuliza.

"Kwani kompyuta haiwezi kuangalia yenyewe nani yupo kwenye waya?"

"Waya wa namna hii hauna desturi hiyo. Kifaa hakijitambulishi. Lazima mimi nikieleze kiini mapema: anwani fulani ina kipimajoto, cha aina fulani, na draiva yake ni hii."

"Na usipoeleza?"

"Kitakaa pale kikipima, mpenzi, na hakuna atakayejua kama kipo."

Neno hilo "mpenzi" lilimponyoka, na halikurudi lilikotoka. Jumapili zikawa zao. Walikwenda Bujora kutazama ngoma, walikula sato wa kuchoma ufukweni, Rebeka akamcheka anavyotoa miiba moja moja kama fundi saa. Siku moja akamwuliza, nusu utani, kama huko kwao Bukoba ameshatajwa.

Renatus alisema ndiyo, na huo ulikuwa uongo. Mama yake, Bernadetta, alikuwa mjane Mkatoliki aliyetaka kila kitu kiende Kihaya, na Rebeka alikuwa Msukuma wa kanisa jingine. Kijana aliona jibu la mama analijua, kwa hiyo hakumwuliza. Badala yake akaanza kutunga salamu. Kila alipotoka nyumbani alisema mama anakusalimia sana. Msimu wa senene, wale panzi watamu wa kwao Bukoba, alinunua mfuko bandarini, akampa Rebeka, akasema mama amekukaangia kwa mkono wake. Msichana wa watu alikula akiwa na machozi ya furaha, na Renatus akamtazama akila. Alijiona mwerevu, maskini.

Krismasi alipokuwa likizo Bukoba, kiwanda kilifungua chumba kipya cha baridi. Kipimajoto kikafungwa, lakini kompyuta haikukiona, kwa sababu mwenye kukieleza hayupo. Bosi akamwagiza Rebeka apige simu nyumbani kwa kina Rutashobya.

Renatus aliporudi kazini alimkuta mlangoni mwa chumba hicho. Hakumpa mkono.

"Nilimpata mama yako," Rebeka alisema. "Nikamwamkia, nikamshukuru kwa senene. Akaniuliza senene wapi, mwanangu, na wewe ni binti wa nani. Nikasema Rebeka. Akasema samahani, Renatus hajatutajia Rebeka."

"Rebeka, nilikuwa naogopa."

"Ungesema unaogopa, ningengoja. Ningengoja hata miaka. Lakini umenipa mama wa kutunga, Renatus, nikampenda."

Mwezi uliofuata Rebeka aliacha kazi. Renatus alipita mara nyingi karibu na chumba alichopanga Rebeka, asibishe hodi. Aibu ilimfunga mdomo mwaka mzima, na mwaka ni mrefu kwa msichana aliyeumizwa.

Alipokwenda tena likizo, mama ndiye aliyeanza.

"Yule binti aliyepiga simu vipi? Nilinyamaza nikidhani utanieleza mwenyewe. Ana adabu, na sauti yake nzuri."

Renatus alieleza yote, akamalizia na dini na kabila. Mama akamwuliza:

"Nani alikwambia ningemkataa?"

Hakuna aliyemwambia. Wiki hiyo hiyo mama alivaa vazi lake la kanisani, wakapanda meli ya Mwanza, wakaenda hadi Kisesa. Walipokelewa vizuri, wakakaribishwa viti. Ndipo baba yake Rebeka alipowaambia kwa upole kwamba ng'ombe wa akina Maige wameshaingia zizini. Harusi ya Rebeka na kijana wao ingekuwa baada ya mavuno.

Rebeka alitoka jikoni akapiga magoti mbele ya mama Bernadetta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa."

"Umefika, mama. Leo utakula chakula changu."

Kwa Renatus alisema karibu tu, kama mgeni mwingine yeyote.

Jioni Rebeka aliwasindikiza hadi barabarani. Alimshika mama mkono, wakatangulia, na kabla ya kufika kwenye mwembe wa jirani walikuwa wameshazoeana. Renatus alifuata nyuma na mkoba wa mama yake begani. Maneno yao hakuyasikia vizuri. Alichosikia ni kwamba walikuwa wanacheka.