Difu ya Mbele

Magurudumu ya nyuma yalizama kwanza, kisha tumbo la gari likakaa juu ya mchanga, na Landrova ikazimika katikati ya korongo kavu, ukingo wa pili ukiwa palepale karibu. Vumbi lao wenyewe likawapita, likatangulia ng'ambo. Candida aliwasha tena, akakanyaga mafuta kwa hasira. Mchanga uliruka hadi juu ya turubai, na gari likazidi kushuka.

"Acha kukanyaga," Anuari alisema. "Unatuzika."

"Basi shuka ukafunge loki za magurudumu ya mbele, niweke fowili, yavute yote manne. Tumelitengeneza la nini?"

Anuari alishuka polepole. Aliinama kwenye gurudumu la kulia, akaenda la kushoto, akainuka na kupunga mkono. Candida akavuta kile kijiti kifupi chenye kichwa chekundu, akaachia klachi. Injini ilinguruma, magurudumu ya nyuma yakachimba. Alitoa kichwa dirishani kuangalia la mbele. Lilikuwa limetulia tuli.

"Mpare, umefunga kweli?"

"Nimefunga."

"Mbona halizunguki?"

Anuari alikuwa anatazama juu, kwenye miombo iliyopukutika, kana kwamba jibu liko huko. Lilikuwa jua la Oktoba, la kule katikati ya Nangurukuru na Liwale, na nzi wa ndorobo walikwisha nusa jasho lao. Simu hazikuwa na mtandao. Barabara kuu walikuwa wameiacha tangu asubuhi, kwa sababu Candida alitaka kupita njia ya zamani ya marehemu baba yake, aliyekuwa akipeleka sahani na sufuria za bati vijijini kwa gari hilihili. Anuari alimsihi wasiiache lami, na walipoiacha lami alimsihi wasiiache barabara ya vumbi. Candida akamcheka, akamwambia Wapare wanaogopa hata kivuli cha mti wasije wakadaiwa kodi.

Walikuwa watani, Mchaga na Mpare, na anayejua utani anajua kwamba maneno hayo ni mapenzi. Candida aliuza vyombo kwa jumla Kariakoo, katika duka aliloachiwa na baba. Anuari alikuwa fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani, mzaliwa wa Usangi. Kwa miaka mingi Landrova ya mzee ilikaa juu ya mawe uani kwa Candida, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, hadi Anuari aliposema chuma kile hakijafa. Basi kila Jumapili akaja na mfuko wake wa spana. Candida alitoka kanisani, akavaa kitenge kikuukuu, akakaa kwenye ndoo kuosha vyuma kwa dizeli, na kazi ikaenda kwa matusi. Candida aliitwa mwizi wa kuzaliwa. Anuari aliitwa bahili anayeweza kumpeleka jogoo mahakamani. Shamsa, mpangaji wa chumba cha uani aliyekuwa akikaanga chapati za kuuza, alicheka mpaka chapati zikaungua, kisha akawalaumu wote wawili. Nyumba nzima iliishi kwa ajili ya Jumapili zile.

Sasa walichimba. Candida alichimba kwa sufuria, Anuari kwa kipande cha ubao. Wakatafuta matawi ya kuweka chini ya magurudumu, wakaweka jeki juu ya ubao, gari likaanza kupanda. Dumu la maji Candida alikuwa amelisogeza chini ya gari, pale penye kivuli, yasichemke. Ubao ulipopasuka, jeki iliruka pembeni na Landrova ikarudi chini kwa mzigo wake wote. Dumu lilipasuka kwa mlio mmoja. Anuari naye akapiga ukelele, mguu wake wa kulia ukiwa chini ya ringi.

Candida alifukua kwa mikono kama mtu anayetafuta mtoto. Kiatu kilitoka kimejaa damu. Vidole vilikuwa vimepondeka, na mfupa mmoja ulichungulia pembeni. Alichana khanga yake, akafunga kwa nguvu, Anuari akiuma mkanda wake.

"Unaweza kukanyaga?"

"Kisigino tu. Maji?"

Candida alitazama chini ya gari. Mchanga ulikuwa na doa jeusi, nalo lilikuwa linakauka.

Hapo ndipo alipochukua spana. Alilala chali, akajisukuma chini ya pua ya gari mpaka kwenye difu ya mbele, lile bakuli la chuma lenye meno ya kugeuza magurudumu. Meno yale aliyajua. Aliyaosha yeye mwenyewe jino kwa jino, na hata akawaita majirani waje waone yanavyong'aa. Alifungua nati ya kutilia oili, akaingiza kidole. Hakukuwa na oili. Alikisukuma kidole kwa ndani zaidi, akakizungusha huku na huku, asiguse kitu.

Alitoka na mchanga kwenye nywele.

"Mpare, difu yangu iko wapi?"

Anuari alikuwa ameegemea tairi, uso umepauka. "Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia lini?"

"Siku ya pilau. Mbele ya watu wote."

Candida alikumbuka. Ilikuwa siku gari lilipowaka kwa mara ya kwanza. Watu walijaa uani. Anuari alisimama na sahani mkononi, akatangaza kwa sauti ya mnadani: "Jamani, msidanganyike na rangi! Gari la Mchaga huyu mbele halina kitu! Difu nimeila mimi, nimeuza, nimenunua beberu, na mjini hapa hatajua mpaka kufa!" Watu walivunjika mbavu. Candida alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akamjibu, "Kula, baba, ndiyo nyama pekee utakayoonja mwaka huu," akamwongezea pilau kwa mkono wake mwenyewe.

"Uliitoa lini?"

"Desemba. Mlipokwenda kwenu."

Mjini kote hujulikana kwamba Desemba Wachaga hufunga maduka wakapanda kwao Kilimanjaro, na utani wa siku hizo hauishi. Funguo za nyumba Candida alimwachia nani? Alimwachia yeye, ili awawekee kuku maji.

"Kuna mtu alikuja Gerezani anaitafuta," Anuari alisema. "Hazipatikani siku hizi. Nikajua wewe hutatoka mjini na gari hili. Utaendesha mpaka Mnazi Mmoja, watu wakuone, urudi. Magurudumu ya mbele yangezungushwa lini?"

"Na leo ukaja kufanya nini? Uliomba mwenyewe kunisindikiza. Nikamwambia Shamsa, umeona ndugu?"

"Ningekuacha uje peke yako na gari ninalolijua lilivyo?"

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia, Mchaga."

"Ulinitania!"

Sauti yake ilipiga ukingo wa korongo, ndege wakaruka. Kuibiwa alikuzoea, maana hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo asiyeibiwa. Huyu alikuwa ameuchukua utani wao, akauficha wizi wake humo, kisha akamwacha yeye auchekee mbele ya watu. Candida alijiona mjinga, na ujinga ule ukamchoma kuliko kiu. Alienda kukaa upande wa pili wa gari. Giza likaingia, na mmoja alipokohoa mwingine alijua yupo.

Kulipopambazuka walisikia lori. Lilikuwa mbali sana, linapandisha kilima kwa gia nzito, upande wa kulia wa jua linalochomoza.

"Barabara iko kusini," Anuari alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Tukate moja kwa moja. Jua liwe kushoto kwetu."

"Bila maji?"

"Rejeta ina maji."

Candida alimkodolea macho. Dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, aliinunua yeye mwenyewe, ya kijani, chupa yenye picha ya fuvu, akampa aitie. Ambaye angeinywa hiyo, figo zake zingemwacha njiani. "Nilikupa dawa."

"Sikuitia. Nayo niliiuza. Ni maji ya bomba, ya pale pale uani kwako."

Sasa ona mtihani aliopewa huyu mama. Kama mtani wake alikuwa mwaminifu, hata mara moja tu, hata kwa chupa ile tu, basi maji yale yalikuwa sumu. Ili apone ilimbidi aombe kwamba alikuwa mwizi mpaka mwisho. Alifungua koki ya chini ya rejeta, akakinga sufuria. Maji yalitoka mekundu kwa kutu, hata kama kulikuwa na ukijani usingeonekana. Alimpelekea.

"Anza wewe."

Anuari aliishika sufuria kwa mikono miwili. Hakusita. Alikunywa, koo likipanda na kushuka, akafuta mdomo, akairudisha huku amemtazama usoni. Candida akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya misumari, na yalikuwa matamu kuliko maji yoyote aliyowahi kunywa, na alichukia kwamba ilimbidi ashukuru.

Yaliyobaki aliyatia kwenye chupa ya oili waliyoisuuza kwa mchanga. Alimkatia mti wa kuegemea, kisha akasimama akimwangalia. Angeweza kwenda peke yake, kwa nusu ya muda. Angemwacha kivulini na kuleta watu. Lakini kwenye mchanga, si mbali na walipolala, palikuwa na nyayo pana za mnyama ambazo jana hazikuwepo, na wote wawili walikuwa wameziona.

"Nenda," Anuari alisema. "Utanikuta."

"Nyamaza. Weka mkono hapa."

Walitembea hivyo, mkono wake shingoni mwa Candida, mguu mbovu ukiburura. Nyasi zilizoungua zilipaka magoti yao masizi. Ndorobo waliuma kupitia nguo. Kila walipokuta mti wenye kivuli cha kutosha watu wawili walikaa, wakanywa funda moja moja, wakainuka kabla mwili haujakataa. Jua lilipofika utosini, Candida alisimamisha safari wasije wakapotea, wakangoja mpaka lianze kwenda kulia. Anuari aliwaka homa. Khanga ya mguuni ilikuwa imekuwa nyeusi na nzi walimfuata kama mtu anayeuza samaki. Mara mbili alianguka, na mara zote mbili Candida alimwinua bila kusema pole.

Mchana ukiwa umekwisha lainika, miti ilifunguka, wakaiona barabara ya vumbi jekundu, tupu, pana. Candida alimlaza ukingoni. Yeye akasimama katikati na hakutoka hapo, hata lori lilipotokea likipiga honi. Lilisimama karibu kumgusa kifua.

Dereva alikuwa kijana aitwaye Awadhi, anatoka Liwale na magunia ya korosho. "Shikamoo mama! Kulikoni?"

"Marahaba. Mgonjwa yule pale. Tupe maji kwanza."

Walipandishwa juu ya magunia, Awadhi akawapa chupa nzima na ndizi. Anuari alikunywa, akapumua, na rangi kidogo ikamrudia. Akamgeukia dereva, akajaribu kutabasamu. "Bwana mdogo, shuhudia. Mchaga huyu kaniburuza porini mguu umekwisha. Nikipona, mahakamani!"

Awadhi alicheka kwa sauti. "Kumbe watani! Mama, mjibu basi!"

Alingoja, bado anacheka. Candida alikuwa anafunga upya ile khanga. Alimaliza fundo, akasema, "Twende, mwanangu, mguu unaoza." Awadhi akaacha kucheka, akashuka kwenda kuwasha lori.

Anuari alikatwa vidole vitatu, mguu ukapona. Landrova ilivutwa na trekta, ikarudi Kariakoo imebebwa, ikawekwa tena uani juu ya mawe. Hakuna aliyesikia kisa kutoka kwa Candida. Majirani walipouliza, alisema mchanga ulikuwa mwingi.

Jumapili moja, mvua za vuli zimeanza, Anuari aliingia uani akichechemea na fimbo. Candida alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje. Alikuwa amepata meno mengine ya difu, ya mtumba, na alikuwa anayafunga mwenyewe.

"Ala!" Anuari alisema kwa ile sauti ya mnadani. "Mchaga kajifunza ufundi! Sasa mtajiibia wenyewe!"

Shamsa aliangua kicheko kando ya kikaango. Kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Candida alijitoa chini ya gari, akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Karibu, Anuari," alisema. "Habari za nyumbani? Mguu unaendeleaje? Shamsa, mpe mgeni kiti. Kile chenye mto."

Kiti kililetwa. Anuari hakukaa mara moja. Katika miaka yote aliyoingia uani mle alikuwa akikalia ndoo, au tairi, au jiwe, na hakuwahi kuulizwa habari za nyumbani.

"Mchaga," alisema chini kwa chini. "Nitukane."

Candida alimimina chai kutoka kwenye chupa. Aliikoroga, akaweka kikombe kwenye kisahani, akamwekea kisahani mkononi kwa mikono miwili, kama anavyofanyiwa mtu wa heshima.

"Nitukane hata kidogo. Niite mwizi."

"Mungu apishe mbali," Candida alisema kwa upole. "Sukari imetosha, Anuari?"