Mtu wa Kumi na Tatu Kwenye Mfereji wa Brynfa

"Amezidi mmoja."

Sauti ya Kituo, makao ya majasusi wenzake, ilikwaruza sikioni mwa Nerys Probert.

"Klabu ya matembezi imeandikisha wazee kumi na wawili. Waliotoka ngomeni sasa hivi ni kumi na watatu."

"Sura yake?"

"Hatuna."

"Mnanifurahisha kweli."

"Dakika tisa wakufikie, Bundi. Na usifyatue risasi mbele ya wazee wa watu."

Ng'ambo ya mfereji kilikuwa kibanda cheupe cha Daktari Anton Vrabel, mkemia aliyekimbia kwao. Jumatatu angesimama mahakamani kuwataja majenerali waliomlazimisha kutengeneza sumu. Akifa leo, kesi ingekufa naye.

Kwa miezi kumi na moja Nerys alikuwa amemlinda akiwa kwenye boti nyembamba, Kituo kikimwita Bundi na majirani wakimjua kwa jina la Jean, mjane mchora picha. Jina lilikuwa la uongo. Ujane ulikuwa wa kweli, na upweke wake hakuhitaji kuuigiza.

Akaipapasa bastola yake, Glock 26, chini ya sweta. Akaiacha.

Wazee wakatokea kwenye kona, na nyuma yao minara ya ngome imelowa mvua. Koti zilezile, fimbo zilezile, matope magotini. Angemjua vipi huyo wa kumi na tatu?

Akalitazama geti la mfereji, mlango mzito unaozuia maji ili boti zipandishwe na kushushwa. Huku hakuna apitaye mtu anayesukuma geti bila kumsaidia kwa mgongo wake, hata awe kasisi. Nerys alikwishapunguza maji. Chini ya geti palikuwa na shimo la mita tatu hadi kwenye maji. Akaegemea boriti ndefu ya kusukumia, akajifanya imemshinda.

"Jamani, bibie, utavunjika nyonga!" Olwen Pryce, kiongozi wa klabu, akapaza sauti. "Nyie wazee, migongo hapa! Idris, wewe pia, acha kudeka!"

"Goti langu, Olwen!"

"Kwani tunasukuma kwa goti?"

Wakacheka, wakageuka, wakabana migongo. Nerys akahesabu kwa macho.

Kumi na wawili.

Wa kumi na tatu alibaki njiani. Koti jipya. Mkono wa kulia mfukoni.

"We mgeni!" Olwen akamtania. "Umekuja kutusimamia?"

Jamaa alikuwa anatazama dirisha la kibanda, ambako Vrabel alikuwa anafuta kioo.

Kisha akakanyaga ubao mwembamba uliopita juu ya geti, avuke upande wa pili.

Hapo ndipo alipokosea. Mwenyeji hathubutu kuvuka geti linalosukumwa.

"Moja, mbili, sukuma!" Nerys akaita.

Migongo kumi na mitatu, pamoja na wake, ikasukuma. Geti likaachana na ukingo, na jamaa akiwa katikati. Akachomoa mkono mfukoni kushika chuma cha geti. Bastola ikamtoka, ikazama. Naye akaifuata.

"Maskini, kaanguka!" Olwen akapiga kelele.

"Niachieni mimi."

Nerys akashuka ngazi ya ukutani. Jamaa akaibuka na kisu. Nerys akampiga kifundo cha mkono kwa chuma cha kufungulia maji, mara moja tu. Kisu kikazama.

"Tulia, kaka," akamnong'oneza. "Maji ni baridi."

Landrova ikafika na wanaume wawili wa Kituo waliovaa kama mafundi wa mfereji. Wakamtoa majini, wakamfunga blanketi juu ya pingu, wakaondoka naye.

"Njoo na sisi, Jean," Olwen akasema. "Kuna chai na keki ya karoti. Huna mtu wa kukungoja, au unaye?"

"Sina. Siku nyingine, mama."

Vrabel akatoka mlangoni, kitambaa mkononi. "Jirani, kuna nini?"

"Mgeni kateleza, Daktari. Hawajui mageti."

"Nami nilidhani wamenifuata." Akacheka. "Miezi yote hii hatujawahi kunywa hata kikombe pamoja. Kesho saa kumi? Nitaoka mkate wa kwetu."

Sikioni: "Bundi, ondoka sasa. Boti iache. Daktari tunamhamisha saa hii."

"Kesho saa kumi," Nerys akamwambia Vrabel. "Usiuunguze."

Akafuata mfereji kuelekea stesheni, mikono mfukoni, mwendo wa mtu asiye na haraka. Alipopita ngome hapakuwa na mtu njiani, basi akalia bila kujifuta.