Meno ya Mashine ya Filda

Filda na mume wake Okwera wana karakana ya mbao Kyebando, jijini Kampala. Asubuhi Okwera hufungua mlango wa mabati, na Filda hufagia maranda ya jana. Okwera alikuwa seremala jeshini kabla ya kustaafu. Yeye hupenda randa na patasi. Filda huendesha mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Majirani huiita sienisi, kwa herufi zake za Kiingereza, CNC.

Filda huchora umbo kwenye kompyuta, kisha huweka ubao mezani. Kisu kinachozunguka hufuata mchoro. Kisu hicho hubebwa na chuma kirefu kilicholala juu ya meza kama daraja. Daraja huenda mbele na nyuma kwa nguvu ya mota mbili, moja kila upande. Kila mota ina gia ndogo. Gia hiyo huuma reli yenye meno, na daraja husogea.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu Zulaikha alikuja kukagua kazi aliyoiagiza. Mwalimu Zulaikha haoni. Anafundisha watoto wasioona katika shule moja karibu na Mbuya. Alikuwa ameagiza mbao zilizochongwa maumbo: duara, mraba na pembetatu. Mtoto angefuata mfereji wa umbo kwa kidole, ajifunze.

Filda alimpa ubao wa kwanza. Mwalimu aliweka kidole kwenye mfereji wa duara. Akazunguka polepole. Akasimama.

"Mama Abwola, hapa kuna ngazi," alisema, akimwita Filda kwa jina la mwanawe.

"Ngazi gani, mwalimu?"

"Kidole changu kinaruka. Duara lako halifungi. Na huku linatetemeka. Fumba macho, ujaribu."

Filda alifumba macho, akajaribu. Ilikuwa kweli. Kwa macho hakuona kitu, lakini kidole kilisikia ngazi.

"Watoto wangu hawajawahi kuona duara," mwalimu alisema. "Watakachogusa ndicho watakachojua. Nikiwapa huu, nimewadanganya."

Alipoondoka, Okwera alishika ubao kwa muda mrefu. "Mashine imechoka," alisema. "Nitazichonga kwa mkono."

"Zote? Kabla shule haijafunguliwa?"

Okwera aliuweka ubao chini. Alijua kwamba vidole vyake si vya zamani.

Filda alichukua kopo la grisi. Alipaka meno ya reli, akapaka tena, kama alivyozoea kufanya mashine ikisumbua. Alipochonga ubao mwingine, ngazi ilikuwa kubwa zaidi. Ndipo akampigia simu Kaltumi.

Kaltumi ni fundi wa mashine, ana duka la vipuri Nakivubo. Baba yake alitengeneza magari ya jeshi, naye akajifunza kazi ya vyuma nyumbani kabla ya kwenda chuo cha ufundi. Karakana nyingi za Kampala zinamjua. Alifika asubuhi kwa bodaboda, na mfuko wa vifaa begani.

"Iwashe kwanza, niisikilize," alisema.

Daraja lilitembea. Upande wa kulia ulitoa mlio wa kukwaruza.

"Basi. Zima, halafu chomoa waya ukutani."

"Nimeshazima, dada."

"Kuzima hakutoshi. Mikono yetu itakuwa kwenye meno. Chomoa."

Filda alichomoa. Kaltumi alishika daraja upande wa kushoto, akalitikisa. Halikucheza. Akashika upande wa kulia. Lilicheza.

"Afande, njoo ushike," alimwambia Okwera.

Okwera alitikisa. "Kama jino la mtoto linalotaka kung'oka," alisema.

"Ndiyo. Mota zenu ni nzima. Ubaya uko hapa, gia inapokutana na reli." Aliinama. "Grisi hii nani alipaka?"

"Mimi," alisema Filda. "Nilifikiri naitunza."

"Ulitaka kuitunza, na wengi hufanya hivyo. Lakini unga wa mbao hunata kwenye grisi nzito. Unakuwa kama posho, ugali uliolala. Gia inapanda juu ya uchafu, halafu inaruka. Ndiyo ile ngazi ya mwalimu."

Alimpa Filda brashi ngumu na kijiti cha mwanzi. Filda alisafisha reli, jino moja baada ya jingine, akafuta kwa kitambaa. Kaltumi alikagua gia zenyewe. Meno yake yalikuwa bado mapana juu. Kama yangechongoka kama ya msumeno, wangebadilisha gia. Kisha akaonyesha skrubu ndogo inayoshika gia ya kulia kwenye mota. Ilikuwa imelegea. Aliitia tone la gundi ya skrubu ili isilegezwe na mtikisiko, akaikaza.

"Sasa nafasi," alisema. Alilegeza mota, akaweka kipande cha karatasi kati ya gia na reli. "Sukuma gia hadi ibane karatasi. Kaza mota. Toa karatasi. Ukibana kupita hapo, meno yanalika. Ukiacha wazi, yanacheza."

Filda alifanya upande wa pili mwenyewe. Kaltumi alipaka wino wa kalamu kwenye meno, wakasukuma daraja kwa mkono. Wino ulifutika katika upana wote wa jino.

"Ungefutika pembeni tu, ningejua mota imelala upande," Kaltumi alieleza. "Hii imesimama vizuri."

Kisha wakarudisha waya ukutani. Mashine ikatoboa matundu manne kwenye ubao wa zamani, moja kila pembe. Kaltumi alipima kwa tepu kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, njia zote mbili. Vipimo havikulingana. Upande wa kulia ulikuwa nyuma kidogo. Wakachomoa tena, wakausogeza, wakatoboa upya. Sasa vililingana.

Okwera alitabasamu. "Hivyo ndivyo nilivyopima fremu za milango maisha yangu yote."

"Basi mashine hii unaijua, Afande," Kaltumi alisema.

Mwisho alipaka meno mafuta mepesi kwa kitambaa, akayafuta mpaka ukabaki utando mwembamba tu. "Brashi kila jioni," alimwambia Filda. "Kila wiki tikisa daraja na ukague skrubu. Grisi nzito uweke mbali na reli."

Filda alichonga duara jipya siku hiyohiyo. Mwalimu Zulaikha aliporudi, alilizunguka kwa kidole mara moja, mbili, tatu.

"Nimepotea," alisema. "Sijui nilianzia wapi."

Shule ilipofunguliwa, mbao zote zilikuwa darasani. Muhula ule shule iliagiza kazi ngumu zaidi: ramani ya Uganda, yenye maziwa na mito. Filda aliipeleka mwenyewe. Msichana mmoja, Sumayiya, aliweka kidole Jinja, akafuata Mto Nile kwenda kaskazini. Mfereji ulikuwa mwembamba, lakini kidole hakikukwama popote.

"Hapa kuna nani?" aliuliza.

Filda alipiga magoti karibu naye. "Hapo ni wilaya ya Nwoya. Kwetu."

"Na mbele?"

"Endelea tu," alisema Filda. "Mto haujaisha."