Figo la Shemeji

Harufu ya rangi mbichi ilimjia msusi akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja, na saluni yake ilikuwa haijapakwa rangi miaka nenda rudi. Akauliza nani kamwaga nini. Mteja akanusa, akasema hasikii kitu ila mafuta ya nywele.

Tangu awekewe figo la shemeji yake, mambo yalikuwa hivyo. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa mpaka rangi. Aliombwa figo moja akiwa mzima, akakataa katakata. Haikupita muda akaanguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa nyumba yao, asizinduke tena. Mumewe ndiye aliyeridhia figo litolewe. Wakati wa ajali, alisema, yeye alikuwa sokoni.

Kisha zikaja kumbukumbu. Mchana kweupe, akiosha vyombo, msusi alijiona yuko juu, brashi mkononi, na chini yake kipara cha mumewe kinang'aa juani, mikono yake miwili imeikamata ngazi.

"Figo ni nyama tu, mama. Halikumbuki kitu," daktari alimwambia, akamwongezea vidonge.

"Umepona, badala ya kushukuru unatafuta visa," alisema mumewe.

"Kila mtu anakijua kichwa changu kuliko mimi!" msusi alifoka, akabamiza sufuria sakafuni. Dada yake tu ndiye aliyemvuta kando, akamnong'oneza: "Huo si wazimu, mdogo wangu. Umepandwa na pepo."

Akaletwa mganga. Akafukiza, akasoma, na moshi ulipojaa chumbani shingo ya msusi ikavimba, miguu ikaanza kupapasa hewani kama inayotafuta pa kukanyaga, harufu ya rangi ikawakaba wote mpaka dada akakimbilia dirishani, na sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwa msusi ikisema, "Nilikwambia ishike vizuri, kaka, wewe ukaitikisa."

"Mtoe!" mumewe alinong'ona, meno yakigongana. "Mtoe upesi!"

Mganga akakemea kwa nguvu zake zote. Msusi akaanguka chini kama gunia.

"Ametoka," mganga alisema, akijifuta jasho.

Ametoka, sawa, lakini alichomwonyesha msusi hakikutoka naye. Kulipokucha akaenda polisi.

"Ulimwona mumeo akiitikisa ngazi?" askari aliuliza.

"Nilimwona."

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Msusi alitafuta uongo, akaukosa. "Juu ya ngazi."

Askari akaweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma ile ile ya daktari, akampigia mumewe simu.

Mume akafika mbio, mpole kama maji ya mtungini. "Utusamehe, afande. Mke wangu mgonjwa." Akamshika mkono. "Twende nyumbani, mama."

Msusi alitaka kupiga ukelele kwamba haendi popote na muuaji. Akafungua kinywa, na sauti nzito ikatoka, taratibu, bila hasira:

"Twende, kaka."