Nira ya Mzee Kashinje

Kila siku akitoka shule, Gwantwa alipenya kati ya malori yaliyojipanga kusubiri kuvuka mpaka wa Tunduma, akafika karakana ya mama yake koo limekauka kwa vumbi. Hapo tena hakuna kupumzika. Alifuta kompyuta, akafagia maranda, kisha akakaa kuilinda mashine ya kuchonga mbao. Kompyuta ndiyo iliyoiongoza kwa programu yake, kisu kikapita panapotakiwa bila mkono wa mtu. Kazi yake ilikuwa kutazama tu, lakini kutazama nako kunachosha, jamani, hasa kwa mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuteka maji.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya nira ya Mzee Kashinje. Mzee alikuwa ametoka Kamsamba na ubao wake mnene, pamoja na kamba aliyoifunga mafundo kupimia shingo za maksai wake. Nira ya zamani ilikuwa imevunjika na mvua zimeshaanza.

"Mjukuu wangu, majirani wanalima, ng'ombe wangu wamesimama," alisema. "Nisipolima wiki hii, mwaka huu tutakula nini?" Kisha akajinyoosha kwenye benchi nje, akasinzia.

Mama yake Gwantwa, fundi Anyosisye, alikwenda kununua gundi. "Usiguse kitu," alimwonya. "Itazame tu."

Gwantwa aliitazama saa nzima. Kisu kilikula ubao kidogo kidogo, kama mgonjwa anayelazimishwa uji. Macho yakamwuma. Akaona isiwe tabu, akaongeza mwendo mara mbili. Mashine ikatetemeka, kisu kikalia, na kabla hajaizima ubao ukapasuka katikati. Upesi akairudisha namba ya mwendo ilipokuwa.

Mama aliporudi aliushika ubao ule, mabega yakamlegea.

"Kumetokea nini?"

"Ni hiyo programu, mama," Gwantwa alijibu akitazama chini. "Imejiendea yenyewe."

Alijua pa kumgusa mama yake. Programu ile ilikuwa huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Mafundi wenzake mama walimcheka, wakisema rahisi huvunja upishi, kitu cha bure hakiaminiki. Mama alikuwa ameitetea tangu aanze kuitumia.

"Basi walisema kweli," mama alisema polepole. "Kama inajiendea, siku moja itakata mkono wa mtu. Naing'oa. Nitarudi kwenye randa na patasi, na kiuno hiki hiki kinachoniuma." Mzee Kashinje alikuwa ameamka. Akaja akaupapasa ubao wake uliopasuka.

Mama akampigia fundi Diana wa Vwawa, aliyemfundisha programu ile, simu ikiwa wazi wote wasikie. Diana naye alisikika hoi. "Pole, dada. Ndiyo kwanza natoka kazini, lakini nitumie mafaili. Nitasoma mstari kwa mstari mpaka nilione kosa. Na wengine wanaoitumia nitawaambia wazime mashine zao kwanza."

Gwantwa akainua uso. Watu wote hao wahangaike kutafuta kosa lisilokuwepo!

"Asisome, mama," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliongeza mwendo. Nilichoka, nikataka iishe."

"Ahsante kwa kusema, mwanangu," sauti ya Diana ikatoka simuni.

Gwantwa akapiga magoti mbele ya mzee. "Nisamehe, babu."

Mzee akashusha pumzi. "Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nimechoka. Lakini ng'ombe akichoka husimama, hakudanganyi."

Mama akatoa ubao aliojiwekea wa kutengenezea kabati lake mwenyewe. Wakakaa yeye na Gwantwa, mashine ikichonga kwa mwendo wake wa taratibu, hadi jioni nira ikatoka nzima. Mzee akaipima kwa kamba, akatabasamu, akajitwika begani.

"Programu hii haina tajiri wa kuilinda," mama akamwambia Gwantwa walipobaki wawili. "Inalindwa na watu wanaosema kweli. Ikikosea wanasema, wakikosea wao wanasema, ndiyo maana tunaweza kuiamini. Leo uongo wako ungezima mashine za watu usiowajua, na mzee angerudi mikono mitupu. Ukichoka, niambie, 'Mama, nimechoka.' Hilo halijapasua ubao wa mtu."