Duara la Wino wa Kijani

Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, ndoo na ufagio mkononi. Anayebisha aseme yeye alikuwa wapi.

Pale maabara tulikuwa na daktari tuliyemwita Asilimia. Aliifundisha kompyuta kutambua aina za saratani ya matezi kwa picha za vinyama, vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, na tangu hapo hakuinamia tena hadubini. Hata salamu aliijibu kwa hesabu. Picha zote za kufundishia zilikuwa na duara la kijani, alilochora fundi wetu mkongwe, Bibi Wino, pale ugonjwa ulipojificha. Bibi alipozikwa, Asilimia alicheka: "Mashine imeshammeza."

Wiki ile ile, mchana kweupe, mashine ikasoma kioo cha hadubini kitupu, kisicho na kinyama: aina kali. Juu yake duara la kijani, bado bichi.

Kesho yake kikaja kinyama cha shemeji yangu. Ingekuwa aina ya polepole, angesubiri. Ingekuwa kali, asipoanza dawa upesi tungemzika.

"Polepole. Asilimia tisini na tisa," alisema Asilimia.

Kiti cha marehemu kikalia kwiii, harufu ya dawa zake ikajaa chumba, na juu ya kioo wino ukaanza kutambaa wenyewe, taratibu, ukizunguka kijidoa kimoja kama mtu anayejua anachokitafuta, ndoo ikaniponyoka, maji yakamlowesha daktari viatu na asisogee.

"Daktari," nilinong'ona, "inama uangalie."

"Fagia wewe!"

Akalifuta duara kwa spiriti. Likarudi. Akafuta. Likarudi. Ndipo bingwa wetu akainamia hadubini.

"Mbona... mbona giza?"

"Hujawasha taa yake, daktari."

Nikamkimbilia mama daktari wa chumba cha pili, mwanafunzi wa Bibi. Akatazama ndani ya duara, mara moja tu.

"Hii kali. Aanze dawa leo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Tumeona, Bibi. Pumzika."

Wino ukafifia, ukapotea.

Shemeji yu hai, na bado ananiita mvivu.

Sasa nikiri: kiti hakikulia, mlio ule niliutia mimi. Lakini duara la kijani lililomtokea Asilimia shingoni, chini ya taya, lisilokubali sabuni, sikulitia mimi. Alipokatwa kinyama hapo, alikipeleka mwenyewe kwa mama daktari, mbio. Mashine yake hakuiuliza.