Utepe Mwekundu Kisimani

Kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika. Binti wa taasisi ya taifa ya afya, ndani ya fulana yake ya buluu, alikuwa akipima joto la kila abiria. Alipomfikia kijana mrefu aliyevaa shati la maua, kipimo kikalia.

"Una joto kali, kaka. Kaa kivulini nikupime tena."

"Joto la mbio hilo! Nimekimbia toka sokoni nisiachwe na basi."

"Basi kaa upoe."

Alipopoa, basi lilikwishaondoka.

"Umeniachisha safari," kijana alisema huku anatabasamu. "Angalau nipe namba ya simu nikulalamikie vizuri."

Malalamiko yalianza jioni ileile, yakaendelea kwa miezi. Kijana alikuwa fundi cherehani, na binti akamwita Fundi. Fundi alimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kutafuta ugonjwa unakoanzia kabla haujasambaa. Fundi alimshonea gauni la zambarau, likamkaa utadhani amezaliwa nalo. Mama yake Fundi, mwenye mgahawa, alikuwa akimwita mkwe kabla mtu yeyote hajaposa.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani. Taasisi ilipita na vipaza sauti ikiwahimiza watu wachemshe maji. Mama akacheka; kisima chake cha uani, alisema, ni safi kama kioo. Lakini wagonjwa walipoulizwa, wengi walikuwa wamekula kwake. Maji ya kisima yakapelekwa maabara.

Jioni ile Fundi alipiga simu. "Mpenzi, mbona sauti imepoa?"

"Uchovu tu."

"Kesho njoo mama akupikie."

"Nitakuja," alijibu.

Alikuja kweli, pamoja na wenzake na utepe mwekundu wa kuzungushia kisima. Majibu yalikuwa yametoka asubuhi: vimelea vimo. Kabla hawajamzuia, Mama alichota kikombe akanywa chote mbele ya majirani.

"Haya! Nimekufa?"

Fundi akamvuta binti kando. "Jana ulijua?"

"Nilijua tunapima. Majibu sikuwa nayo."

"Ukanidanganya umechoka."

"Ningekwambia, ungemwambia mama. Kama maji yangekuwa salama, je? Mtaa mzima ungekuwa umemkimbia bure."

"Ni mama yangu!"

"Najua, Fundi. Ndiyo maana sikulala."

Fundi aligeuka akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu. Binti akamwandikia: *Mama akianza kuharisha, usisubiri kitu. Mlete kambi ya matibabu.* Hakujibiwa.

Binti alikuwa kambini, miguuni buti za mpira, Fundi alipoingia mbio na mama yake mgongoni, macho ya Mama yamezama, midomo imekauka. Hakuna aliyekumbuka salamu. Wauguzi wakamlaza Mama, wakamtundikia dripu. Fundi akabaki amesimama, nguo zimeloa, hajui aweke wapi mikono. Binti aliishika, akaipeleka kwenye ndoo ya maji yenye klorini, akamwosha kidole kimoja kimoja. Hapo ndipo Fundi alipolia.

"Nilikuwa nimekasirika," alisema. "Lakini meseji yako nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Kila Mama alipokwenda chooni nilikuwa mlangoni."

"Umemwahisha. Hilo ndilo kubwa."

Kesho yake Mama aliamka akidai uji na kuwakaripia wauguzi kwa kuuchelewesha. Nje ya turubai, wawili wale waliegemea tangi la maji, mabega yanagusana.

"Nataka nikuoe," Fundi alisema.

"Fikiri kwanza. Iko siku nitajua jambo tena, na sitakwambia."

Fundi alitazama vidole vyake vilivyochubuka kwa dawa.

"Siku hiyo njoo tu ukae karibu nami. Sitauliza."

Binti alifungua kinywa, machozi yakatangulia. Ndani ya turubai kitanda kikalia, kisha sauti ya Mama, dhaifu lakini ya amri:

"Mkwe, mjibu huyo mtoto basi! Mnaniweka macho, nami ni mgonjwa!"